Huenda

Daftari la mama lina miraba,
lile lile la madeni ya mahamri:
Bi Rukiya, ishirini. Mwalimu Kazungu, sitini, ameahidi Ijumaa.
Geuza nyuma. Kwa kalamu nyekundu
kuna deni jingine:
Jumatatu, kumi na nne nukta mbili.
Alhamisi, kumi na moja.
Idi, hakuandika kitu.

Miaka tisa tangu hedhi imkome
damu ikarudi
kama mtu aliyesahau mwavuli.
Hakumwambia yeyote.
Mimi nilijua kwa kamba ya nguo pale darini:
leso zilizofuliwa usiku,
zinazochuruzika kabla ya adhana,
na Kibokoni nzima bado imelala.

Shangazi Mwanakombo akasema ni husuda.
Tangu friji mpya iingie, macho yamezidi.
Akafukiza ubani mpaka tukakohoa.

Makadara, ghorofa ya pili,
daktari Nyambu alichora juu ya bahasha
mlango, na mtu mdogo anayebisha hodi.
Huyu ndiye insulini, akasema.
Anabisha ili sukari iingie ndani.
Misuli imekuwa kiziwi. Ini nalo kiziwi.
Basi kongosho linaongeza wabishaji:
hodi mchana, hodi usiku, hodi hodi miaka.
Ila mwilini wako wenye masikio mepesi,
nao hodi hiyo wanaisikia vingine.
Wanasikia: kueni.

Na haya mafuta ya tumbo
msidhani yamekaa kitako tu.
Ni jiko. Yanapika homoni chini kwa chini,
na ukuta wa uzazi unarutubishwa
msimu baada ya msimu,
shamba lisilopewa likizo.

Kaka yangu Athman, anayetaka kila jambo
liwe na mtu wa kushtakiwa, akauliza:
Kwa hiyo sababu ni sukari?
Sikusema sababu, daktari akajibu. Nimesema huenda.
Wengi wana sukari na saratani hawaijui.
Wengine hawana sukari, na wamelazwa hapo chini.
Mama akavuta buibui, akamtazama:
Na hiyo huenda, mwanangu, huenda wapi?
Daktari alicheka.
Kisha akaangalia bahasha, akaacha.

Usiku ule hakulala. Asubuhi nikakuta,
kati ya deni la unga na deni la iliki,
mwandiko wake uliolala upande:

Sukari niliijua, kama mgeni wa nyumba,
Mlango nikafungua, nikampisha na chumba,
Kila alilochukua, mimi macho nikafumba,
Leo ndipo nagundua, mgeni ana mchumba.

Nilicheka peke yangu jikoni.
Halafu nikakaa juu ya gunia la unga
na kicheko kikageuka, sijui saa ngapi.

Nani angemwambia asile?
Kwenye matanga unapewa halwa, utaikataa mbele ya wafiwa?
Mwezi wa Ramadhani umsukumie jirani kaimati zake?
Na huyu ndiye aliyetusomesha kwa karai,
akionja tui, akionja shira,
akionja kila siku ada zetu za shule.
Sina wa kumlaumu.
Nimetafuta.

Upasuaji ni Jumanne. Kwanza sukari ishuke,
wamesema, ndipo kisu kipande.
Anakunywa chai kavu kama anayekunywa hasira.

Nami nina miaka arubaini na moja.
Mkanda wangu umehama matundu mawili.
Alfajiri, kabla ya kugusa chochote,
nimechukua kile kijimashine chake, nikajitoboa kidole.
Sita nukta tisa.
Si ugonjwa bado, nadhani. Si uzima pia.
Nimeiandika chini ya zake
kwa kalamu ile ile nyekundu,
na pembeni, badala ya jina langu: huenda.

Mafuta yalikuwa yameshachemka.
Mlangoni mtoto wa Bi Rukiya
na sarafu yake ya ishirini, akibisha:
Hodi! Hodi jamani!

Nilikawia kidogo
kabla ya kusema karibu.